Theresa Ntare

Mwami Theresa Ntare alikuwa mtawala wa Heru, mojawapo ya falme za Waha katika nyanda za juu za Kigoma, tangu 1946 hadi uchifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963. Ni miongoni mwa wanawake wachache waliokalia kiti cha uchifu enzi za Waingereza, na miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia Bunge la Tanganyika.

Heru na jirani zake

Makao ya mwami yalikuwa Heru Juu, karibu na Kasulu. Buha, yaani nchi ya Waha, haikuwa na mfalme mmoja. Kaskazini kulikuwa na Muhambwe, upande wa Kibondo, na Buyungu, upande wa Kakonko, kila moja na mwami wake. Ukoo wa kitawala ulikuwa wa Kitutsi, ilhali raia wengi walikuwa wakulima wa Kiha. Kamba iliyowafunga pamoja ilikuwa ng'ombe: mkulima alikabidhiwa mnyama amtunze na kunywa maziwa yake, naye akawajibika kumtumikia aliyempa. Desturi hiyo huitwa ubugabire.

Utawala

Wabelgiji waliitwaa Buha kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakawaachia Waingereza mwaka 1921. Waingereza waliongoza kupitia machifu, hivyo mwami akawa na mizigo miwili: kwa watu wake alikuwa mwamuzi wa mashauri na mrithi wa kiti cha mababu, kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza (bwana DC) alikuwa msimamizi wa amri na kodi. Kodi hiyo ilichangia kuwasukuma vijana wengi wa Kiha kwenda umanamba katika mashamba ya mkonge, hasa Tanga.

Bungeni

Wakati wa kuelekea uhuru, Ntare alikuwa bungeni pamoja na akina Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck. Hao wawili walipanda kupitia siasa za chama cha TANU. Yeye alikuja na hadhi ya kurithi, jambo lililomtofautisha katika siasa za kura.

Baada ya uchifu

Mamlaka ya machifu yalihamia serikalini na kwenye halmashauri. Halmashauri ya mji wa Kasulu huongozwa na mwenyekiti anayechaguliwa na madiwani wenzake. Majina ya falme hayakufutika: Muhambwe ni jimbo la ubunge, Buyungu pia lilikuwa jina la jimbo, na Heru Juu ni kata.