Herufi Mbili za Nchi: Chimbuko la Vikoa vya Taifa

Waasisi wa majina ya intaneti walipoandaa utaratibu wao, Oktoba 1984, walihitaji sehemu ya mwisho ya anwani iitambulishe nchi. Kwa Kiswahili sehemu hiyo imeitwa kikoa, neno lililokuwa la watu wanaolishana kwa zamu; uteuzi huo wanipendeza. Hawakuunda orodha yao wenyewe, bali waliazima herufi mbilimbili za kiwango cha kimataifa cha ISO 3166. Jon Postel, katika waraka wa Machi 1994, aliitaja sababu waziwazi: kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi haikuwa kazi yao. Kwa maoni yangu, busara hiyo iliihamishia siasa kwenye orodha. Uingereza, ambayo humo ni GB, ilikwisha kujitwalia .uk na ikaachiwa. Zaire iliifuata orodha: dola ilipoitwa tena Kongo mwaka 1997, ZR ilifutwa, CD ikashika mahali pake, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa, pamoja na kila anwani iliyoishia hapo. Nayo Zanzibar, yenye Rais na Baraza la Wawakilishi, haimo katika orodha. Serikali yake huandika anwani zake chini ya.tz.