Kondoo wa Delamere na ujuzi wa Wamaasai

Ukiipita Gilgil kwa barabara ya kwenda Nakuru, utaliona Ziwa Elementaita upande wa kushoto. Ng'ambo yake yametanda malisho ya Soysambu, shamba ambalo ukoo wa Delamere umelimiliki kwa zaidi ya karne moja. Wengi hulitaja kama tunda la ushupavu wa mtu mmoja, lakini kondoo waliolijenga wana historia ndefu kuliko hiyo.

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alizifikia nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 kama mwindaji, akitokea upande wa Somalia. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Shamba hilo akaliita Equator Ranch.

Nyumba yake ya kwanza hapo isingemshangaza mwanakijiji yeyote: kuta za udongo, paa la nyasi, chini mchanga mtupu. Kioja kilikuwa ndani, ambako samani za fahari zilizotoka kwenye kasri la ukoo wao kule Cheshire zilisimamishwa juu ya sakafu ya vumbi. Humo ndimo alimoishi mkewe, Florence, binti wa Earl wa Enniskillen. Nduguye Florence, Galbraith Cole, naye alifuga kondoo huko Kekopey, karibu na Elementaita.

Delamere alianza kwa pupa. Alikusanya majike 11,000 ya kondoo wa Kimaasai, akaagiza madume ya Ryeland kutoka Uingereza ili wazae chotara wenye sufu nzuri. Mwaka 1904 akaleta majike 500 ya merino halisi kutoka New Zealand. Haukupita muda, manne kati ya kila matano yakafa. Ng'ombe wake wa kigeni nao walipukutishwa na magonjwa.

Wamaasai hawakushangaa, maana walikuwa na desturi ya kutolisha mifugo yao katika eneo hilo. Mlowezi aliona nyasi zilizoshamiri akadhani zimesahauliwa. Baadaye sana wataalamu walieleza kwamba udongo wa huko ulikosa madini ambayo mifugo huyahitaji. Walichokigundua wasomi, wachungaji walikuwa wamekwisha kukijua kwa kuwatazama wanyama wao.

Mabaki ya kundi yakahamishiwa Soysambu, na huko kondoo wakanawiri. Kule Njoro Delamere aligeukia ngano, nayo ikashambuliwa na kutu. Ikabidi aajiri mwanasayansi atafute mbegu inayoustahimili ugonjwa huo. Mpaka leo Njoro ni kitovu cha utafiti wa ngano nchini Kenya.

Soysambu, hata hivyo, halikuwa pori lisilo na mwenyewe. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini mwa reli, kwa ahadi kwamba ardhi hizo zingekuwa zao maadamu kabila lao lipo. Haikutimia miaka kumi, waliopelekwa Laikipia wakahamishwa tena ili kuwapisha walowezi. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, lakini kesi yao ikatupwa.

Delamere mwenyewe aliwapenda Wamaasai, akajifunza lugha yao na kuwakabidhi mifugo yake. Lakini mapenzi hayo hayakumzuia kuwa sauti kuu ya walowezi waliodai nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Mtu aliyefugiwa na Wamaasai ndiye aliyepigania siasa iliyowafungia malisho.

Alifariki mwaka 1931 akiwa na madeni makubwa. Sanamu yake ilisimama katika barabara iliyoitwa kwa jina lake jijini Nairobi, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, hadi Kenya ilipopata uhuru, kisha ikapelekwa Soysambu.

Bidii yake haina ubishi: alipoteza mali akaanza upya, na majaribio yake yaliwanufaisha wakulima waliokuja baadaye. Ila sifa ya ufugaji huu haimstahili yeye peke yake. Majike ya mwanzo yalikuwa ya Kimaasai, wachungaji walikuwa Wamaasai, na malisho yaliyomwokoa yalikuwa yao kabla ya kuwa yake. Historia ya Soysambu inayowaacha nje watu hao haijakamilika.