Introitus: neno la kuingia

Kila dominika twataja « wimbo wa kuingia ». Je, twajua neno hili limetoka wapi?

Kwa kilatini, introitus ni tendo la kuingia, tena ni mahali pa kuingilia. Kule Roma, karibu na mwaka 700, neno hilo lilikuwa limekwisha kupata maana ya wimbo. Papa alipotoka chumba cha mavazi kuelekea altare, waimbaji walianza antifona na zaburi. Alipofika mbele ya altare aliwapa ishara, nao wakafunga zaburi kwa Atukuzwe Baba. Ndiyo kusema urefu wa wimbo ulipimwa kwa mwendo wa miguu yake. Kule Milano wimbo huo waliuita ingressa. Wadominiko waliuita officium.

Baadaye zaburi ilikatwa, ukabaki mstari mmoja tu. Padri alisali kwanza chini ya ngazi, halafu akapanda, akasoma Introitus kitabuni. Basi wengi walidhani Introitus ni maneno ya kusomwa tu. Neno lilibaki, mwendo ukasahauliwa. Graduale ya mwaka 1908 iliagiza waimbaji waanze wakati padri anapokaribia altare.

Maana nyingine ilizaliwa: neno la kwanza la Introitus likawa jina la siku. Gaudete ni dominika ya 3 ya Majilio. Laetare, ya 4 ya Kwaresima. Quasimodo, ile inayofuata Pasaka. Requiem, Misa ya wafu.

Sasa tutazame kwetu. Siku ya posho, tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, Padri Luigi Carrara na mtawa Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku ileile, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walikuwa Waxaveri. Joubert alikuwa padri wa jimbo. Kesho yake ilikuwa dominika ya 1 ya Majilio. Introitus yake, Ad te levavi, ndiyo inayofungua mwaka mzima wa Eklezya. Hao wanne hawakuingoja: walikuwa wamekwisha kuingia. Tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 2024, kule Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri.

Baada ya Konsili, Misale ya mwaka 1970 ilirudisha wimbo kwenye kazi yake: kufungua ibada, kuunganisha watu, kuwaingiza katika fumbo la siku, kusindikiza wanaoandamana. Na Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, iliruhusu mwendo huo uwe wa kucheza. Miguu imerudi.

Lakini tujihadhari. Korali moja huchagua wimbo kwa sababu ngoma yake ni tamu, hata kama ni wimbo wa Pasaka katikati ya Kwaresima. Nyingine huimba beti zote, padri akisimama akingoja. Mkatekista aulize mambo mawili kabla ya kuchagua: leo ni siku gani, na ni nani anayeingia? Anayeingia si padri peke yake. Ni taifa lote la Mungu, na mbele yetu wametangulia wale wa Baraka na Fizi.