Kufa Kufaana: Mawakili na Majeruhi wa Bhopal

Wahenga walisema kufa kufaana: msiba wa mmoja huweza kuwa riziki ya mwingine. Mwuza sanda halaumiwi kwa kuuza sanda. Anayelaumiwa ni yule anayemvizia mgonjwa kitandani ili apate faida kutokana na maumivu yake. Historia ya mji wa Bhopal, nchini India, inatuonyesha jinsi mpaka huo ulivyovukwa, na jinsi dawa iliyotolewa ilivyozua maradhi mengine.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuua wadudu mjini humo. Maelfu ya watu walikufa, na wengine wengi zaidi walidhurika macho na mapafu. Wengi wao walikuwa maskini walioishi katika vibanda karibu na kiwanda. Zaidi ya nusu ya hisa za kampuni iliyokiendesha zilimilikiwa na Union Carbide ya Marekani.

Siku chache baadaye, mawakili wa Kimarekani waliwasili. Walijua kwamba mahakama za kwao hutoa fidia kubwa kuliko za India, na kwamba wakili wa huko huweza kulipwa sehemu ya fidia hiyo, mara nyingi theluthi moja. Wakaanza kuandikisha wateja. Wasiojua kusoma walitia alama ya kidole gumba kwenye hati. Kesi ya kwanza ilifunguliwa Marekani tarehe 7 Desemba, siku nne tu baada ya maafa. Hatimaye kesi zilifikia takriban 145.

Marekani yenyewe ilikwisha kuitambua hatari hiyo. Mwaka 1978, katika shauri la Ohralik, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba jimbo laweza kumwadhibu wakili anayemwendea majeruhi ana kwa ana kutafuta kazi ya malipo. Wakili huyo alikuwa amemfuata hospitalini msichana wa miaka 18 aliyeumia katika ajali ya gari. Mtu mwenye maumivu hana utulivu wa kupima maneno ya msemaji hodari. Mfa maji haachi kutapatapa. Humshika yeyote aliye karibu.

India nayo ilichukua hatua. Mwezi Machi 1985 ilitunga sheria iliyoipa serikali peke yake mamlaka ya kuwawakilisha waathiriwa wote. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini na wagonjwa hawangeweza kupambana na kampuni kubwa wakiwa mmoja mmoja. Mwaka 1986, jaji wa New York aliamua kwamba kesi hizo zisikilizwe India.

Lakini mlinzi naye huhitaji kulindwa asizidi mipaka. Februari 1989, serikali na kampuni zilipatana juu ya dola milioni 470, ingawa serikali ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 3. Waathiriwa hawakuulizwa. Mwanzoni majeruhi wengi walilipwa rupia 25,000 kila mmoja. Desemba mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya India iliiona sheria ile kuwa halali, ila ikakiri kwamba waathiriwa walistahili kuarifiwa kabla ya mapatano. Hata hivyo, mapatano yalibaki.

Hapa ndipo lilipo funzo la uraia. Mawakili waliokimbilia Bhopal hawakuwapa majeruhi nafasi ya kufikiri. Serikali iliyowafukuzia mbali haikuwapa nafasi ya kusema. Haki ya majeruhi ni kuambiwa ukweli kwa lugha anayoielewa, kupewa muda, kisha kuamua mwenyewe nani amsemee. Alama ya kidole gumba iliyotiwa bila ufahamu si ridhaa. Wala ukimya wa mtu ambaye hakuulizwa si ridhaa.

Swali la mjadala: Je, sheria ingewezaje kumlinda majeruhi dhidi ya wakili mlaghai bila kumnyima haki ya kuchagua wakili wake?