Simiti na Baridi ya Njoro
Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na slabu ya Julai haishiki kama ya Januari. Wazee walionifunza ufundi walianza na simiti ya klinka tupu: ile iliyosagwa Nairobi tangu 1933, kisha ya Bamburi, iliyotoka kiwandani 1954, mwaka uleule kasri la Lord Egerton lilipokamilika hapa kwetu. Waling'oa mbao mapema, wakazoea.

Gunia la 32.5 la leo ni jingine. Klinka imechanganywa na pozolana, mawe ya volkano yaliyosagwa (na volkano kwetu si haba, Menengai ile pale). Ujerumani walichanganya taka ya tanuri la chuma, baada ya Emil Langen kuonyesha mwaka 1862 kwamba nayo hushika. Tabia zinafanana: klinka hukutana na maji kwanza, hutoa chokaa, na chokaa ndiyo huamsha mwenzake. Usiku wa baridi huchelewesha hatua zote mbili, ya pili zaidi. Nguvu huja, ila polepole.

Kwa hiyo fundi mwenzangu, Julai mwagilia maji, funika usiku, na mbao ziache zikae, hata mwenye nyumba akipiga simu.