Mbweha, tochi na bunduki: Uwindaji wa usiku na hatari zake mpakani Tunduma

MFUGAJI wa kuku wa pembezoni mwa mji wa Tunduma anapoamka alfajiri na kukuta manyoya yametapakaa na ubao wa banda umeng'olewa, mara nyingi humtaja mtuhumiwa kabla hata ya kukagua nyayo. Mtuhumiwa huyo ni mbweha. Usiku unaofuata, kama nyumbani au kwa jirani kuna bunduki au gobore, hutafutwa tochi yenye mwanga mkali na vijana wawili watatu wa kusindikiza, msafara ukaelekea mashambani.

Uwindaji wa namna hii, wa kummulika mnyama macho usiku ili asimame na kupigwa risasi, unafanyika katika nchi nyingi duniani. Kwa Tanzania ni kosa la jinai. Aidha, ni mojawapo ya njia zenye hatari kubwa kwa binadamu na mifugo, na kwa upande wa mbweha matokeo yake ni haba kuliko wengi wanavyodhani.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa wilayani Mbozi. Una nyanda za juu zenye kahawa na mahindi, milima ya Ileje, na upande wa kaskazini mteremko unaoshuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambako wakulima wa mpunga na ufuta wanapakana na wafugaji wenye makundi makubwa ya ng'ombe. Kati ya maeneo hayo yapo mapori ya miombo, vichaka na mashamba yaliyoachwa, ambayo ndiyo makazi anayoyapenda mbweha.

Mbweha yupi?

Tanzania ina wanyama watatu ambao wananchi huwaita kwa jina hilo moja. Yupo mbweha mwenye mgongo mweusi, anayeonekana sana katika mbuga za kaskazini. Yupo mbweha wa dhahabu wa Serengeti na Ngorongoro, ambaye uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ana undugu wa karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, na kwa sababu hiyo wanasayansi wakamtenga na kumpa jina jipya. Wa tatu ni mbweha mwenye mstari ubavuni, mwenye rangi ya kijivu na ncha nyeupe mkiani.

Anayekutwa Songwe ni huyu wa tatu. Mbweha mwenye mgongo mweusi anaishi katika maeneo mawili yaliyotengana kwa umbali wa takriban kilomita 900, moja Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, jingine kusini mwa bara, na nchi ya Zambia inayopakana na Tunduma imo katika pengo hilo. Tofauti hii ina uzito wake. Sifa ya ukatili kwa mifugo ambayo mbweha amepewa imetokana zaidi na yule wa mgongo mweusi, hususan Afrika Kusini, ambako wafugaji wa kondoo wa Karoo wamepambana naye kwa vizazi kadhaa.

Mbweha wa Songwe huwa na uzito wa kati ya kilo saba na 12 hivi, huishi dume na jike pamoja kwa miaka mingi, na hula karibu kila kitu: panya, panzi, kumbikumbi, matunda ya porini, mizoga na mabaki ya jikoni. Kuku huwakamata, hilo halina ubishi, na mara chache mtoto wa mbuzi. Lakini panya anaowala kutoka kwenye mashamba ya mahindi hakuna anayewahesabu. Aghalabu pia hubebeshwa makosa ya wengine, kwani banda huvunjwa na mbwa wa mitaani, kicheche, nguchiro au fungo, na asubuhi lawama zote zikamwendea yeye.

Taa inavyofanya kazi

Nyuma ya retina ya jicho la mbweha, kama ilivyo kwa mbwa, paka, mbuzi na ng'ombe, kuna tabaka linaloakisi mwanga. Mwanga hafifu wa usiku ukipita retina mara ya kwanza, tabaka hilo huurudisha ili upite mara ya pili, na hivyo mnyama huona vizuri gizani. Mtu akimulika kwa tochi, sehemu ya mwanga uliorudishwa humfikia, naye huona nukta mbili ziking'aa mbali kichakani. Wakati huo huo mnyama hupofushwa kwa muda. Wengine hukimbia, lakini wapo wanaoduwaa na kubaki wamesimama, nsya na digidigi wakiwa mfano mzuri. Katika maeneo ya kandokando ya Tsavo nchini Kenya, majangili hutumia tochi kuwakamata digidigi kwa ajili ya nyama, nchi ambayo ilipiga marufuku uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977.

Zamani kazi hii ilihitaji betri ya gari na taa nzito. Siku hizi tochi ndogo za kuchaji, nyingine za kufungwa kichwani, zinauzwa madukani na kwa wachuuzi kwa bei ambayo kijana wa bodaboda anaimudu, na taa ya pikipiki yenyewe inatosha kufukuzia sungura barabarani.

Tatizo ni kwamba nukta mbili zinazong'aa hazina jina. Rangi ya macho hubadilika kulingana na pembe ya mwanga na umbali, hivyo maelezo ya vijiweni kwamba mbweha ana macho ya kijani na mbuzi ya njano hayana msingi wa kutegemewa. Mbwa wa jirani, ndama aliyelala nje ya zizi au mbuzi aliyekata kamba anaweza kuonekana sawasawa na mbweha kwa mtu aliye mita 80 gizani. Kwa upande mwingine, binadamu hana tabaka hilo, na macho yake hayang'ai namna hiyo. Mtu aliyelala katika dungu akilinda mahindi, au anayepita njia ya mkato kutoka kilabuni, yupo nyuma ya shabaha bila dalili yoyote. Hata risasi ndogo ya bunduki ya .22, ambayo wengi huichukulia kama ya kuchezea, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu isipozuiwa na kitu. Gobore lililoshindiliwa vipande vya chuma halina mwelekeo wa uhakika hata mchana.

Jambo jingine ambalo wakulima hulifahamu kwa uzoefu ni kwamba nguruwe pori, mharibifu mkubwa wa mashamba usiku, naye hana tabaka la kuakisi mwanga. Tochi inayowafichua mbwa na mbuzi wa kijiji kizima humkosa yule aliyetafuna mahindi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inatamka kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, wakiwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hakuna anayeruhusiwa kuwinda bila leseni, na hata mwenye leseni amewekewa mipaka ya namna ya kuwinda. Miongoni mwa njia zilizokatazwa ni kutumia mwanga wa taa, sumu, mitego ya nyaya na mashimo, pamoja na kuwinda kwa kutumia gari. Usiku si muda wa kuwinda. Bunduki nayo ina sheria yake, Namba 2 ya mwaka 2015, inayomtaka kila mmiliki awe na leseni, na gobore la kurithi halina msamaha.

Upo mlango mmoja. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama ili kuokoa maisha au kulinda mifugo na mali yake. Hata hivyo, mnyama aliyeuawa katika mazingira hayo hubaki kuwa mali ya serikali, na tukio ni lazima litolewe taarifa. Kutoka usiku na tochi kwenda kumtafuta mbweha kichakani, kilomita mbili kutoka bandani, ni vigumu kukuita kulinda mali mbele ya hakimu.

Wananchi wengi huuliza kuhusu fidia. Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha malipo ya kifuta machozi na kifuta jasho kwa walioathiriwa na wanyama wakali na waharibifu, kama vile tembo, simba, mamba na kiboko. Kuku aliyeliwa na mbweha hahesabiwi humo, na pengine hapa ndipo penye kiini cha malalamiko: mfugaji mdogo haruhusiwi kuwinda, halipwi, na ofisa wanyamapori wa wilaya ana eneo kubwa kuliko watumishi wake.

Kwa mji wa mpakani kuna la ziada. Upande wa Nakonde, Zambia ina Sheria yake ya Wanyamapori ya mwaka 2015. Mwindaji anayefuata mnyama na kuvuka mpaka usiku akiwa na silaha, au anayerudi na nyama ya porini bila kibali, anajikuta na mashtaka katika nchi mbili.

Wengine wamepata nini

Marekani ndiko uwindaji wa kumulika ulikokuzwa hadi kuwa mchezo. Mnyama anayelengwa huko ni koyoti, binamu wa mbweha. Baadhi ya majimbo huruhusu kumwinda usiku kwa taa, mengine hukataza au hudai kibali maalumu, na wawindaji huweka kioo chekundu mbele ya taa kwa kuwa mwanga huo huwashtua wanyama kidogo. Mbali na wawindaji binafsi, idara ya serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiua makumi ya maelfu ya koyoti kwa mwaka. Pamoja na hayo, koyoti ambaye karne mbili zilizopita alikuwa mnyama wa magharibi na katikati ya nchi sasa yupo hadi pwani ya mashariki, na ndani ya miji kama Chicago. Sababu moja ni kutoweka kwa mbwa mwitu aliyekuwa akimdhibiti. Nyingine ni kwamba eneo la koyoti aliyeuawa huchukuliwa haraka na kijana aliyekuwa hana makazi. Hali ya Karoo inafanana na hiyo: baada ya zaidi ya karne ya mitego, sumu, mbwa na taa, mbweha bado yupo.

Nyanda za juu kusini zina kumbukumbu yake kuhusu wanyama wa usiku. Kati ya miaka ya 1930 na 1940 simba wa Njombe waliua watu wengi, idadi ambayo imetajwa kufikia 1,500, hadi George Rushby wa Idara ya Wanyamapori alipowasaka mwaka 1946 na 1947. Wananchi waliamini simba hao walitumwa na mganga. Simulizi za Rushby zinaeleza kwamba waliua zaidi mchana na kutumia usiku kusafiri, kwa hiyo kukesha na taa kusingewapata.

Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao mikoa ya kusini mashariki. Nguruwe pori walikuwa kiungo: wakulima hulala mashambani kuwazuia, na simba hufuata nguruwe. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulibaini kwamba mashambulizi huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unachelewa kuchomoza na saa za jioni zikiwa na giza. Wawindaji wa tochi hupenda giza hilo hilo.

Mwanga una matumizi mengine. Nchini Kenya, kijana Richard Turere wa Kitengela, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alibuni akiwa na umri mdogo taa zinazomweka kwa zamu kuzunguka zizi, akitumia betri inayochajiwa kwa jua. Simba waliziona kama mtu anayetembea na tochi, wakaacha kusogea. Ubunifu huo ulipata umaarufu duniani mwaka 2013. Kwa banda la kuku, gharama huwa ndogo zaidi: wavu wenye matundu madogo uliofukiwa ardhini kiasi cha sentimita 30, mlango unaofungwa kabla ya jua kuzama, na kuondoa matumbo na mabaki yanayomwita mbweha.

Kichaa cha mbwa

Hatari ambayo wawindaji huisahau ni ile inayobaki mikononi baada ya mnyama kufa. Mbweha huambukizwa kichaa cha mbwa, na nchini Zimbabwe ugonjwa huo umethibitishwa kwa wingi kwa mbweha, akiwemo huyu mwenye mstari ubavuni. Kwa Tanzania, tafiti za muda mrefu zilizofanyika Serengeti zimeonyesha kwamba chanzo kikuu ni mbwa wa kufugwa, na kwamba mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70 mnyororo wa maambukizi hukatika, hata kwa wanyama wa porini. Mbwa wasiochanjwa wanaopelekwa porini usiku kufukuza mbweha ndiyo daraja kati ya pande hizo mbili.

Mbweha anayetembea mchana katikati ya nyumba bila woga, anayepepesuka au kuuma vitu ovyo, asikaribiwe wala kuchunwa. Taarifa ipelekwe kwa ofisa mifugo au ofisa mtendaji wa mtaa. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate ya mnyama huyo kwenye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu hauna tiba.