Nani Hutanguliza Nauli? Mkopo na Safari ya Familia katika Ukanda wa Sanje, Bonde la Kilombero, 1962–2018

Insha hii inachunguza jinsi familia za Sanje na vijiji jirani zilivyogharamia safari zao tangu kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika nchi za viwanda, jambo hili huelezwa kama sehemu ya historia ya kadi ya mkopo: Diners Club mwaka 1950, BankAmericard mwaka 1958, na Barclaycard nchini Uingereza mwaka 1966. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba katika Bonde la Kilombero mkopo wa safari una historia yake, na swali lake la msingi ni nani anayetanguliza nauli na nani anayebeba hasara fedha zinapochelewa.

Neno likizo humaanisha zaidi ruhusa ya kutokuwapo kazini. Safari yenyewe huitwa kwenda nyumbani au kwenda kusalimia. Tofauti hiyo ina uzito katika ukanda wa miwa, ambao wakazi wake wengi walitoka mikoa mingine, hususan nyanda za juu kusini, kutafuta kazi mashambani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliunganisha bonde na Makambako na Mbeya, hivyo safari ikawa rahisi zaidi. Nauli, hata hivyo, ilibaki kutafutwa.

Mtangulizaji wa kwanza alikuwa mwajiri. Katika utumishi wa umma, mtumishi hustahili nauli ya likizo yake na ya familia yake kila baada ya miaka miwili. Kanuni hiyo iliifanya safari kuwa sehemu ya ujira badala ya deni. Lakini malipo yalipocheleweshwa, mpangilio uligeuka: mtumishi alisafiri kwa fedha za kuazima na kuidai serikali. Madai ya likizo ya walimu, yaliyojirudia kwa miaka mingi, yanapaswa kusomwa hivyo. Ni mkopo ambao mfanyakazi humpa mwajiri bila riba.

Kwa nini kadi haikuziba pengo hilo? Sababu ya kwanza ni ya kitaasisi. Mwezi Februari 1967, miezi michache tu baada ya Barclaycard kuanza Uingereza, Tanzania ilitaifisha mabenki na kuunda Benki ya Taifa ya Biashara. Mabenki binafsi yalirejea baada ya sheria ya mwaka 1991, na kadi iliyowafikia wafanyakazi wengi ilikuwa ya kutolea mishahara yao wenyewe. Sababu ya pili ni ya kiuchumi. Kadi ya mkopo hudai marejesho kila mwezi, na riba huongezeka juu ya salio lisilolipwa. Mkulima wa miwa hana mwezi wa mshahara. Hulipwa baada ya mavuno, kwa kuzingatia uzito na kiwango cha sukari, makato ya uvunaji na usafirishaji yakiwa yamekwisha kuondolewa. Ubinafsishaji wa kiwanda mwaka 1998 ulifuatiwa na ongezeko kubwa la wakulima wa nje, na hivyo la familia zinazoishi kwa kalenda hiyo ya msimu.

Taasisi zilizofaulu ni zile zilizoafikiana na msimu. Vikundi vya kuweka na kukopa, vilivyotokana na mfano ulioanzia Niger mwaka 1991, hukusanya hisa kila wiki, na vingi hugawana akiba mwishoni mwa mwaka, wakati shule zimefungwa na sikukuu zimekaribia. Hapo safari hulipiwa kabla, si baada. Huduma za fedha kwa simu zilizoanza mwaka 2008, na mikopo kwa simu iliyofuata, zimeharakisha upatikanaji wa nauli ya dharura, hasa ya msiba, lakini zimerudisha marejesho ya muda mfupi. Pembeni yake imestawi mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikusudia kuwaweka wakopeshaji wa aina hiyo chini ya usimamizi.

Ukanda huu haukukosa kadi kabisa. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipoanzishwa mwaka 1992, wageni hufika kutazama maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa takribani meta 170, na baadhi yao hulipia mapumziko kwa kadi. Mgeni hustarehe kwanza na kulipa baadaye, kwa kuwa benki yake ina hakika ya mshahara wake. Mwenyeji hana mdhamini wa namna hiyo.

Inahitimishwa kwamba kutokuwapo kwa kadi ya mkopo si kipimo cha kubaki nyuma. Kipimo chenye maana zaidi ni mgawanyo wa hatari. Kadiri nauli ilivyohama kutoka kwa mwajiri kwenda kwa kikundi, na kutoka kwa kikundi kwenda kwenye simu ya mtu binafsi, ndivyo familia ilivyozidi kubeba peke yake gharama ya kuonana na jamaa zake.